Aliyeitwa Wellington

Palikuwa na mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chengwimbe. Alikamatwa angali mdogo, akauzwa, akashushwa pwani na kupakiwa chomboni pamoja na mateka wenzake. Manowari ya Waingereza ikakikamata chombo kile baharini. Msidhani, wajukuu zangu, kwamba hapo alirudishwa kwa mama yake. Wengi waliookolewa baharini hawakurudishwa makwao. Chengwimbe alipelekwa Bara Hindi, kwenye makazi ya wamisionari karibu na mji wa Nasik, akafundishwa kusoma, akabatizwa, akapewa jina jipya. Tangu hapo akaitwa Matthew Wellington.

Mwaka 1872 yeye na vijana wenzake wa Nasik waliletwa Zanzibar, kisha wakapelekwa bara kumfuata David Livingstone, yule msafiri wa Kiskoti. Mwaka uliofuata Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo na kuubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Wellington alikuwa mmoja wa waliokuwamo katika msafara huo. Baadaye alikaa Mombasa, akazeekea huko, akafa mwaka 1935. Yaani walikuwapo wazee waliomwona kwa macho wakiwa watoto, nao wakatusimulia sisi.

Sasa tuseme leo kuna kijana, yuko Kisauni au Nairobi au hapa Birmingham, na jina la ukoo wake ni Wellington. Anakaa mbele ya kompyuta, anaandika jina lake kwenye tovuti ya kutafuta nasaba. Papo hapo anamwagiwa akina Wellington wa Uingereza, mamia kwa mamia, na juu yao wote anaonyeshwa Duke wa Wellington, jemadari aliyempiga Napoleon kule Waterloo mwaka 1815. Kijana anafurahi. Anabonyeza, anaunganisha, anawatumia jamaa zake wote. Hajui hata kwamba jina la ukoo la jemadari huyo lilikuwa Wellesley, na kwamba Wellington kilikuwa cheo tu. Mti wake umeota mizizi isiyo yake, na Chengwimbe amepotea mara ya pili.

Hilo la kupotea mara ya pili ndilo linalonifanya niwasimulie hadithi hii, tena niisimulie kutoka Edgbaston.

Edgbaston ni kitongoji cha Birmingham, kusini-magharibi ya katikati ya jiji. Wengi wanakijua kwa uwanja wake wa kriketi. Kina miti mingi na nyumba kubwa za zamani, na kina barabara iitwayo Wellington Road, kwa hiyo mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada. Jina la kitongoji lenyewe limewahi kuvurugwa na makarani. Katika daftari kubwa la mali na ardhi la mwaka 1086, lile ambalo mfalme William aliamuru liandikwe baada ya kuiteka Uingereza, mahali hapa pameandikwa Celboldistane. Ikiwa karani wa mfalme aliweza kuharibu jina la mahali ambapo hapakimbii wala hapafi, fikirieni karani aliyeandika majina ya watoto walioshuka jahazini wakilia, wakisema lugha asiyoijua.

Chuo Kikuu cha Birmingham kiko Edgbaston. Utakitambua kwa mnara wake wa saa wenye urefu wa kama mita 100. Ndani ya jengo jingine refu la chuo hicho, Muirhead Tower, mna Maktaba ya Utafiti ya Cadbury, na ndani ya maktaba hiyo mmehifadhiwa karatasi za CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichoanzishwa London mwaka 1799. Mmisionari wa CMS aliyetumwa Rabai, Mombasa, Mamboya au Buganda alikuwa na wajibu wa kuandika: barua, taarifa, shajara za safari, hesabu za fedha, orodha za watu. Karatasi hizo zote zilikwenda London kwa meli, na mwishowe zikaja kutulia Edgbaston. Za awali za Afrika Mashariki zimepewa alama C A5, na za misheni ya Nyanza, yaani Uganda, alama C A6. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe huko mwaka huohuo, yumo. Johannes Rebmann yumo. Yumo pia William Salter Price, aliyekuwa mwalimu kule Nasik kabla ya kuja kuanzisha Freretown mwaka 1875.

Freretown mnaijua, ama mmepita hapo bila kujua. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa utafika Kengeleni. Kengele iliyopapa mahali hapo jina hilo ni ile ya Freretown, iliyowekwa na watu walioachwa huru ili wapeane habari hatari ikitokea. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, waliokusanywa na bahati mbaya moja. Baadhi waliletwa na manowari moja kwa moja, na wengine walikuja kutoka Bara Hindi wakiwa tayari ni watu wazima wenye majina ya Kiingereza, wanaojua kusoma na kuandika. Watu wa pwani waliwaita hao wa pili Wabombay. Kule Rabai nako walikimbilia watumwa watoro. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwagawia hati za uhuru zaidi ya watu 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye vituo vya misheni, baada ya kukubaliana kuwalipa fidia waliokuwa mabwana zao.

Kwa hiyo kuna familia nyingi za pwani ya Kenya ambazo ukurasa wa kwanza wa historia yao haumo Mombasa. Umo katika kasha la karatasi, ndani ya kitongoji cha Birmingham chenye baridi.

Mkija kusoma humo mtaacha mikoba nje na kuandika kwa kalamu ya risasi, maana wino ukidondoka juu ya barua ya 1875 hakuna wa kuufuta. Hilo ni jepesi. Zito ni kwamba karatasi haisemi uongo kwa makusudi, lakini aliyeiandika alikuwa na mambo yake. Mmisionari alikuwa akiwaandikia watu wa London ambao ndio waliotoa fedha. Alipenda kuhesabu waliobatizwa. Yule aliyekataa kubatizwa na akaondoka usiku aliandikwa mstari mmoja, au hakuandikwa. Krapf na Rebmann walikuwa Wajerumani, wakaandika majina ya Kiafrika kwa namna sikio la Mjerumani lilivyoyapokea. Mtoto mmoja anaweza kuwa na jina la kwao katika barua hii, la Biblia katika ile, na la mfadhili wa Kiingereza katika ya tatu. Ndiyo maana mtafutaji mwenye akili hafuati jina peke yake. Anatafuta jina, mahali, mwaka na watu waliokuwa pamoja naye: alikuja na chombo gani, alilala nyumba moja na nani, nani alisimama naye siku ya harusi. Jina hubadilishwa kwa siku moja, lakini watu wanaomzunguka mtu hawabadilishwi wote kwa pamoja.

Nirudi kwa Livingstone kidogo, kwa kuwa kifo chake kinatufundisha jambo ambalo vitabu vingi hupita haraka. Katika msafara ule alikuwamo kijana mwingine wa Nasik, Jacob Wainwright, aliyeandika vizuri kuliko wenzake. Yeye ndiye aliyesoma sala za maziko, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Alichonga kwamba Livingstone amekufa tarehe 4 Mei 1873. Ukienda Westminster Abbey, London, ambako mwili ulizikwa Aprili 1874, jiwe la kaburi linasema tarehe 1 Mei. Mtu mmoja, kifo kimoja, tarehe mbili, na zote zimechongwa mahali pa heshima.

Mtasema basi tuchague jiwe, maana jiwe ni zuri na liko kanisani. Mimi nasema mwulize kila shahidi maswali yaleyale. Ulikuwapo? Uliandika lini? Nani alikwambia? Wainwright alikuwapo, na alichonga maziko yakiwa hayajapoa. Aliyechonga jiwe hakuwapo, alipokea habari zilizopita mikononi mwa wengine. Lakini pia watu waliotembea porini miezi kadhaa na mgonjwa wanaweza kukosea hesabu ya siku, hata kama wanajua kuandika. Mpaka leo wapo wanaoandika 1 Mei na wapo wanaomfuata Wainwright. Mtafutaji mwaminifu huandika zote mbili, na mbele ya kila moja huandika imetoka kwa nani. Haifuti moja ili daftari lipendeze.

Katika maktaba hiyohiyo ya Edgbaston kuna kitu kingine kinachofundisha swali la "lini" kuliko chochote ninachokijua. Miaka ya 1920 kasisi mmoja mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Iraki, Alphonse Mingana, alisafiri Mashariki ya Kati kukusanya maandishi ya kale, kwa fedha za Edward Cadbury wa ile familia ya chokoleti. Katika mkusanyo wake zilikuwamo kurasa mbili za Kurani zilizoandikwa juu ya ngozi. Miaka mingi zilikaa zimejalidiwa pamoja na kurasa za msahafu mwingine, hadi mtafiti mmoja alipotambua kwamba mwandiko haufanani. Ngozi ikapimwa kwa kaboni, na Julai 2015 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Waislamu wa Birmingham walikwenda kuziangalia kwa machozi, na haki yao. Lakini sikilizeni vizuri kipimo kilisema nini. Kilipima ngozi, yaani kilitaja wakati mnyama alipokufa. Wino ni swali jingine, na wanaolijibu wanaangalia aina ya mwandiko. Wanangu, mara ngapi tunaonyeshwa hati ya nasaba yenye karatasi ya manjano iliyoliwa na mchwa, tukaamini kila jina lililomo kwa sababu karatasi imezeeka? Jina la babu aliyeishi miaka 500 iliyopita linaweza kuandikwa leo asubuhi juu ya karatasi ya juzi, na linaweza kunakiliwa kwa uaminifu kutoka hati iliyooza. Uzee wa karatasi haukwambii ni lipi kati ya hayo.

Sasa niwapeleke Kilwa, maana huwezi kusema habari za nasaba mbele ya Waswahili ukaacha Washirazi.

Simulizi lenyewe mmelisikia. Sultani wa Shirazi, katika nchi ya Uajemi, aliota panya mwenye pua ya chuma akiguguna ukuta wa mji. Akajua nchi itaharibika. Akaondoka na wanawe sita katika vyombo saba, kila chombo kikatia nanga mahali pake, kimoja Kilwa na kimoja Nzwani huko Komoro. Aliyefika Kilwa alikikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo: vitambaa vilitandikwa mpaka vikakizunguka kisiwa chote. Hiyo ni habari ya kitabu cha Kiarabu kilichotungwa Kilwa karne ya 16, ambacho nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk.

Mreno João de Barros naye alichapa habari za Kilwa huko Lisbon mwaka 1552, na kwake mambo ni mengine. Hakuna panya. Yuko kijana Ali, mtoto wa mfalme wa Shirazi, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi walimdharau kwa sababu ya mama huyo, naye akaondoka na vyombo viwili tu kutafuta mahali ambapo hatadharauliwa. Nguo za kununulia kisiwa zimo humu pia.

Habari mbili, na zote ziliandikwa karne kadhaa baada ya mambo zinayoyasimulia, wakati Wareno walikuwa wamekwisha kuipora Kilwa mwaka 1505. Watawala waliopinduliwa wana sababu nzuri ya kukumbushana walitoka wapi. Kwa hiyo wasomi wengine wakasema Ushirazi wote ni hadithi ya kujitukuza, ya watu weusi waliotaka babu wa ng'ambo. Wengine, hasa wa enzi ya ukoloni, wakasema kinyume chake: kwamba misikiti ya mawe na ustaarabu wote wa pwani uliletwa na wageni, na mwenyeji alikuwa wa kubeba mawe. Wasomi wa pande zote mbili walikuwa na haraka.

Kisha ushahidi wa kuokota ukaanza kuja. Zilipatikana sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, mtawala kweli, aliyekuwa na amri ya kupiga fedha kwa jina lake. Na mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao mmoja wa walioufanya ni msomi wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Walichukua vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, katika miji kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara. Wakakuta kwamba kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, na hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na katika sehemu hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Bara Hindi. Damu hizo zilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Waarabu wa kusini wanaonekana zaidi baadaye, baada ya mwaka 1500.

Tulieni hapo, msikimbilie mbele. Wazee wa Kilwa hawakusema uongo waliposema Uajemi. Walikumbuka jambo la kweli kwa miaka mingi sana bila maabara. Lakini orodha zao za mababa na mababu, fulani bin fulani bin fulani, ziliacha nusu kubwa ya ukoo nje. Mwanamke wa Kiafrika ambaye nyumba ilikuwa yake, lugha ilikuwa yake, na watoto walinyonya kwake, hakuandikwa. Barros peke yake ndiye aliyebakiza kivuli cha mama mweusi, naye alimbakiza kama sababu ya kudharauliwa. Mimi jambo hili linaniuma, na sitaki mlisome haraka. Mifupa ya Mtwapa imewarudisha bibi zetu kwenye nasaba ambamo walifutwa na vizazi vyao wenyewe.

Na bado hata mifupa ina mipaka yake. Wengi wa waliochimbuliwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wa hali ya juu. Mvuvi wa kijiji cha jirani hakuwapo kuhojiwa.

Watu hubadilisha nasaba kwa sababu zinazoeleweka, na ukiijua sababu utajua mahali pa kutilia shaka. Zanzibar wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula kiligawiwa kwa kufuata kabila lililoandikwa kwenye karatasi ya mtu. Waarabu walikuwa na fungu la mchele. Mtu mwenye watoto wanne akijua kwamba neno moja kwa karani litaleta mchele nyumbani, atasema neno gani? Miaka 80 baadaye kitukuu chake anaikuta karatasi ile na kuapa kwamba imethibitishwa na serikali. Imethibitishwa kwamba babu alikuwa na njaa. Na kwa upande mwingine ilikuwapo aibu: aliyetoka utumwani alijitafutia kabila la bwana wake wa zamani, au mji wa kuzaliwa wenye jina zuri, ili binti yake aposwe bila maneno. Simlaumu hata mmoja wao. Waliokuwa wakiwapima watu kwa nasaba ndio waliowafundisha kuificha.

Ndiyo maana namheshimu sana James Mbotela. Mwaka 1934 alichapisha kitabu kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, akasimulia jinsi wazee wa Freretown walivyokamatwa, walivyouzwa na walivyookolewa, akimtanguliza baba yake mwenyewe. Fikirieni pwani ya wakati ule, mtu kuandika wazi kwamba baba yangu aliuzwa. Wengi mmemsikia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Sauti ya Kenya aliyefariki Februari 2025. Ni wa ukoo huohuo, na sauti yake iliingia kila nyumba. Lakini hata kitabu nikipendacho nakisoma kwa maswali yaleyale. Kilichapwa na wachapishaji wa kanisa huko London, enzi za ukoloni. Waingereza humo ni wakombozi tupu, na Waarabu ni waovu tupu. Kinachosema juu ya njia ya kutoka bara mpaka pwani, njaa, kongwa na nani alikufa wapi, kimetoka kwa waliopita njia hiyo. Kinachosifu serikali kina sababu nyingine ya kuwamo. Kitabu kimoja kinaweza kubeba vyote viwili, na kazi yako ni kujua mkono wako umeshika kipi.

Na vile vipimo vya vinasaba kwa mate vinavyouzwa siku hizi? Vinafaa kwa jambo moja: kukuonyesha jamaa wa karibu, binamu ambaye familia ilimpoteza. Katika hilo ni vizuri ajabu. Lakini zile asilimia za makabila na nchi ni makadirio. Kampuni inakulinganisha na watu iliokwisha kuwapima, na Waafrika Mashariki katika ghala zao ni wachache, ndiyo maana jibu la mwaka huu linaweza kubadilika mwakani ilhali mate ni yaleyale. Tena mate yako si yako peke yako. Ukiyatuma umetuma na siri za dada yako na shangazi yako. Waulize kwanza. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika kampuni ya vipimo hivyo iitwayo 23andMe na kupata habari za watu kama milioni 6.9.

Miti ya mtandaoni nayo hunakiliana. Ukiona watu 40 wameandika babu yuleyule mwaka uleule, usihesabu mashahidi 40. Tafuta aliyeandika kwanza, umwulize aliona wapi. Mara nyingi hakuona popote.

Basi mwanzie wapi? Si Edgbaston. Edgbaston mtafika baadaye, mkiwa na maswali. Anzeni kwa bibi aliyeko sebuleni, ambaye kila Jumapili mnampita mkiwa na simu mkononi. Watoto wa Birmingham ambao bibi zao walikuja kutoka Kampala mwaka 1972 baada ya amri ya Idi Amin, au kutoka Unguja baada ya 1964, au Mombasa, au Barawa, mna hazina ambayo haina alama ya C A5 wala nakala.

Usimwulize bibi mwaka aliozaliwa mama yake. Atajibu kwa kukisia ili asikuvunje moyo. Mwulize mama yake alikuwa mkubwa kiasi gani mvua kubwa za 1961 ziliponyesha, au katika Mapinduzi ya Zanzibar. Mwulize yeye alisikia nini juu ya tufani iliyoivunja mikarafuu ya Zanzibar mwaka 1872, maana huenda wazee wa bibi yake waliiona. Mwulize nani alimfundisha kupika, nani alimsuka, alizaliwa nyumba ya nani. Maswali ya jikoni huleta majina ya wanawake. Maswali ya heshima huleta majina ya wanaume tu. Mwulize nani katika ukoo alikuwa hatajwi. Akinyamaza, nyamaza naye, usimlazimishe. Siku nyingine atalianzisha mwenyewe.

Kisha piga hesabu. Kizazi huchukua kama miaka 25 hadi 30. Mjomba akikuorodheshea mababu sita na kusema wa sita alifika pwani miaka 600 iliyopita, zidisha: sita mara thelathini ni 180. Ama majina yameachwa njiani, jambo la kawaida sana, maana kumbukumbu hushika mwanzilishi na babu wa karibu na kuwaangusha wa katikati, ama hiyo 600 imesemwa kwa mapenzi. Usimwaibishe mjomba mbele ya watu. Andika alichosema, na pembeni andika hesabu yako.

Daftari lako ligawe sehemu tatu. Ya kwanza ni ya uliyoyaona mwenyewe: hati, kaburi, picha yenye maandishi nyuma. Ya pili ni ya uliyoambiwa na aliyekuwapo. Ya tatu ni ya yaliyosemwa na wasiokuwapo, pamoja na ya mtandaoni. Jambo likipata ushahidi lihamishe juu, likiupoteza lishushe, na usione haya kulishusha hata kama ni sultani. Kila jina la baba liwe na jina la mama kando yake, au nafasi tupu iliyoachwa kwa ajili yake. Kwa Chengwimbe, andika Chengwimbe kwanza, halafu Matthew Wellington, halafu andika nani alimpa hilo la pili na wapi. Na kila jibu la bibi liandike kwa maneno yake, kwa lugha aliyolisema, pamoja na tarehe uliyomwuliza na majina ya waliokuwapo wakisikiliza.